Anwani ya wazi, fomu au kichujio: kinga ipi ya barua taka inaifaa tovuti ya kazi za mikono

Kampuni kubwa ikipoteza barua pepe moja kati ya elfu, hakuna anayetikisika. Mtu anayeuza vikapu, hereni au sabuni alizotengeneza mwenyewe akipoteza barua moja, huenda ndiyo oda pekee ya wiki hiyo, na aliyeiandika hatarudia. Atadhani amepuuzwa, ataenda kwa mwingine. Kwa hiyo kila kinga ya barua taka hapa tumeipima kwanza kwa swali moja: ikikosea, nani atajua? Taka ishirini zilizopenya unazifuta kwa dakika chache. Oda moja iliyomezwa kimyakimya haifuatiliwi na mtu, kwa sababu hakuna ajuaye kwamba iliwahi kuandikwa.

Taka zenyewe hazitoki mahali pamoja, na hapo ndipo wengi wanapokosea kuchagua. Kuna roboti, yaani programu zinazojiendesha, zinazopita kwenye kurasa zikiokota chochote chenye alama ya @, kisha anwani hizo zinauzwa na kuuzwa tena. Kuna roboti nyingine zinazotafuta fomu na kuzijaza bila kujali tovuti inahusu nini. Halafu kuna watu: anayekuahidi nafasi ya kwanza kwenye Google, na tapeli anayejifanya mnunuzi. Kuweka fumbo la kupima kama mgeni ni mtu (CAPTCHA) kwenye fomu hakusaidii kitu ikiwa anwani yako imeandikwa wazi chini ya kila ukurasa, na kuficha anwani hakumgusi tapeli anayejaza fomu kwa vidole vyake.

Basi kabla ya kubadilisha chochote, chukua taka za wiki moja uzigawe katika mafungu hayo matatu. Iliyopitia fomu utaitambua kwa mada ambayo fomu yako huweka. Kama haiweki, ongeza leo maneno kama "Kutoka fomu:" mwanzoni mwa mada.

Kuonyesha anwani au kuificha

Anwani ya wazi yenye kiungo cha `mailto:` ndiyo rahisi kuliko zote kwa mteja. Anaigusa, programu yake ya barua inafunguka, nakala ya alichoandika inabaki kwake, na akikosea herufi barua humrudia ikiwa na maelezo. Kwa kipimo chetu hiyo ni sifa kubwa, maana hitilafu inaonekana. Ubaya wake ni kwamba ikishaokotwa, imeokotwa. Hakuna orodha utakayoomba ufutwe.

Njia za kuificha hazilingani kwa thamani. Kuandika neno "at" badala ya @ kunamsumbua mteja kuliko roboti, kwa kuwa mwenye roboti anahitaji mstari mmoja tu wa msimbo kuirudisha alama mahali pake. Picha ya anwani huzuia roboti nyingi, lakini mteja hawezi kuinakili, na asiyeona anayesomewa ukurasa na programu haambiwi kitu. Hata anayeona huchanganya herufi l na tarakimu 1. Tunaishauri iachwe kabisa.

Kuweka msimbo wa HTML (lugha ya kuandikia kurasa), yaani `@` badala ya @, hakubadilishi chochote machoni pa mgeni na huziacha nyuma roboti za kizembe tu. Kwa kuwa ni kazi ya dakika moja, ifanye, ila usiitegemee. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni anwani iliyogawanywa vipande viwili na kuunganishwa na JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari, baada ya ukurasa kufunguka. Roboti nyingi za kuokota anwani husoma HTML peke yake bila kuendesha JavaScript, hivyo hazikuti cha kuokota. Tovuti inayopita Cloudflare, huduma inayokaa kati ya tovuti na wageni wake, inaweza kufanyiwa hivyo bila kugusa msimbo, kwa kuwasha kipengele chao cha kuficha anwani za barua pepe. Mgeni aliyezima JavaScript hataiona anwani, kwa hiyo fomu iwepo kwa ajili yake.

Jambo moja husahauliwa: kuficha anwani iliyokaa wazi miaka mitatu ni kazi bure. Fungua anwani mpya, iweke hiyo ndiyo iliyofichwa, na ya zamani uielekeze kwenye folda yake badala ya kuifuta. Bado imechapishwa kwenye vitambulisho vya bidhaa na kadi ulizotia ndani ya vifurushi, na mteja wa zamani ataiandikia hiyohiyo. Ipe angalau mwaka.

Fomu

Fomu huiondoa anwani machoni kabisa, na wengi huipenda kwa hilo. Lakini ikiwekwa vibaya ndiyo njia ya hatari kuliko zote. Mteja anabonyeza Tuma, anaona "Asante, tutakujibu", na barua haijaenda popote. Yeye hana nakala, wewe huna habari.

Chanzo cha kawaida ni sehemu ya From, yaani anwani ya mtumaji. Fomu zilizotengenezwa haraka huweka hapo anwani ya mteja, ili jibu liende kwake moja kwa moja. Maana yake seva yako inatuma barua ikidai inatoka gmail.com au yahoo.com, vikoa ambavyo havijairuhusu. Ukaguzi wa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) na DMARC (agizo la mwenye kikoa kuhusu barua zisizopita ukaguzi) unafeli, na barua inatupwa kwenye taka au kukataliwa mlangoni. Yahoo ilianza kuagiza zake za namna hiyo zikataliwe tangu mwaka 2014. Mpangilio sahihi ni From yenye anwani ya kikoa chako mwenyewe, tena anwani iliyopo kweli, na anwani ya mteja ikae kwenye Reply-To, yaani anwani ya kujibiwa. Ukiwa na Contact Form 7, programu-jalizi ya fomu kwenye WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti), hilo linaandikwa kwenye kichupo cha barua, katika vichwa vya ziada: `Reply-To: [your-email]`.

WordPress isiposanidiwa hutuma barua kwa jina la `wordpress@` likifuatiwa na kikoa chako, anwani ambayo mara nyingi haipo. Weka programu-jalizi ya SMTP (njia ya kutuma kupitia seva ya barua), uingize jina na nenosiri la kisanduku halisi cha barua, na utumie mlango (port) 587 au 465. Baada ya hapo hakikisha kila ujumbe unahifadhiwa pia ndani ya tovuti. Contact Form 7 yenyewe haihifadhi kitu. Flamingo, ya mtengenezaji yuleyule, huweka nakala kwenye hifadhidata. Hiyo nakala ndiyo inayoifanya fomu istahili kuaminiwa. Bila nakala, tungechagua anwani ya wazi pamoja na taka zake zote.

Kinga za ndani ya fomu zinalinganishwa hivi:

| Kinga | Inachozuia | Ikikosea |
|---|---|---|
| Kisanduku cha mtego | Roboti za kawaida zinazojaza kila kitu | Kivinjari kimejaza chenyewe, mteja anahesabiwa roboti |
| Kipima muda | Roboti zinazotuma papo hapo | Mteja aliyebandika ujumbe ulioandikwa kwingine |
| Swali la dukani kwako | Karibu roboti zote zisizokulenga wewe | Mteja asiyeielewa lugha ya swali |
| reCAPTCHA, hCaptcha, Turnstile | Pia roboti zinazoendesha kivinjari kamili | Mwenye VPN, kizuia matangazo au simu ya zamani |
| Akismet (huduma ya kuchuja maandishi) | Maneno ya taka, hata yakiandikwa na mtu | Oda ya kweli inawekwa kapuni |

Mtego ndio wa kuanza nao, kwa kuwa mteja haoni chochote. Ni kisanduku cha ziada kilichofichwa. Mtu hakioni hivyo hakijazi, roboti hukijaza. Shida inaanzia kwenye jina. Ukikiita `email2`, `phone` au `url`, kivinjari kinachokumbuka taarifa za mteja hukijaza kwa niaba yake, na mteja wako mwaminifu kuliko wote, yule aliyehifadhi anwani zake ili anunue haraka, ndiye anayenaswa. Kipe jina lisilo na maana, mfano `maelezo_b`. Usitumie `type="hidden"`, maana roboti huziruka sehemu hizo; kisukume nje ya skrini kwa CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa), `position:absolute; left:-9999px`. Ongeza `tabindex="-1"` ili anayesogea kwa kibodi asiangukie humo, `autocomplete="off"` ingawa Chrome wakati mwingine huipuuza, na kwenye kizio kinachokizunguka weka `aria-hidden="true"` kwa ajili ya wanaosomewa ukurasa. Mtego ukinasa, ujumbe usifutwe. Uongezewe neno MTEGO kwenye mada na uende folda ya pembeni, uutupie jicho mara moja kwa wiki.

Kipima muda huhesabu sekunde tangu fomu ifunguke hadi itumwe, na sekunde 3 zinatosha kuwa mpaka wa chini. Kina kasoro moja isiyoonekana upesi. Tovuti yenye programu-jalizi ya akiba (cache) huhifadhi ukurasa pamoja na saa iliyoandikwa ndani yake, hivyo kila mgeni anapewa saa ya zamani. Kama umeweka pia mpaka wa juu, tuseme saa moja, fomu itamkataa kila mtu hadi akiba ifutwe. Usiweke mpaka wa juu, au saa iandikwe na JavaScript kwenye kivinjari cha mgeni.

Swali la dukani, kama "Vikapu vyetu hufumwa kwa mkono au kwa mashine?", linashangaza kwa nguvu yake. Roboti ya jumla haina sababu ya kujifunza jibu la tovuti moja ndogo. Kubali majibu kwa herufi kubwa na ndogo, na kwa neno moja au kwa sentensi.

Kuhusu mafumbo ya kampuni kubwa, tofauti iliyo muhimu hapa ni kati ya reCAPTCHA v2 na v3. Toleo la v3 halimwonyeshi mteja kitu. Linampa alama kati ya 0.0 na 1.0, na kwa kawaida aliye chini ya 0.5 anahesabiwa roboti. Linaonekana la kistaarabu, lakini mteja aliyepewa alama ndogo hana pa kujitetea. V2 inamuudhi kwa kisanduku cha kutia alama na picha za kuchagua, ila akishindwa anajua ameshindwa na atajaribu tena au atatafuta anwani yako. Kwa duka dogo tungechukua v2 kabla ya v3. Turnstile ya Cloudflare inakaa katikati: mara nyingi haiulizi chochote, lakini huonyesha hali yake palepale kwenye fomu, nayo tunaipendelea kuliko zote mbili. Ukiuza Ulaya, kumbuka kwamba hizi zote huleta msimbo wa kampuni ya nje kwenye ukurasa wako, jambo linalogusa masharti ya GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, yaliyoanza kutumika Mei 2018. Mtego na swali havina mzigo huo.

Fomu inapogeuka kuwa mtumaji wa taka

Jibu la papo hapo, lile la "Habari Fulani, tumepokea ujumbe wako", linapendeza, na ndilo mlango ambao roboti hupenda. Inaandika anwani ya mtu wa tatu kwenye sehemu ya barua pepe, na kwenye sehemu ya jina inaweka tangazo na kiungo. Seva yako inamtumia huyo mtu tangazo hilo kwa jina la duka lako. Wakilalamika wachache, kikoa chako kinaingia kwenye orodha za kukataliwa na hata majibu yako halali kwa wateja yanaanza kuangukia taka.

Jibu la papo hapo likiwepo, lisirudie neno hata moja alilojaza mgeni, jina likiwemo. Fomu ya kujiunga na jarida nayo iwe na uthibitisho wa hatua mbili: anwani haiingii kwenye orodha hadi mwenyewe abonyeze kiungo alichotumiwa.

Kichujio: cha mtoa huduma wa barua au cha seva ya tovuti

Vichujio vya Gmail, Outlook na wenzao hujifunza kutokana na barua za watu wengi mno, na kwa duka dogo kwa kawaida hushinda chochote utakachosanidi mwenyewe. Wanakosea pia, ila barua inabaki kwenye folda ya taka. Gmail huiacha siku 30 kisha huifuta. Kuifungua folda hiyo mara mbili kwa wiki na kutafuta majina ya bidhaa zako humo ni bima ya bei rahisi kuliko zote.

Wengi wanaolipia nafasi kwenye seva hupata kichujio kiitwacho SpamAssassin kupitia cPanel, ukurasa wa kusimamia seva. Hii huipa kila barua alama, na kwa kawaida ikifika 5 inahesabiwa taka. Watu wakichoka huishusha hadi 3 au 2, na hapo oda zinaanza kuliwa: ujumbe mfupi wenye kiungo na picha, kutoka kwa mtu asiyejulikana, unafanana mno na taka. Iache kwenye 5. Kichujio chake cha kujifunza maneno hakianzi kufanya kazi hadi kionyeshwe barua 200 za taka na 200 halali, kwa hiyo kumwonyesha tatu nne na kukata tamaa hakumtendei haki. Washa folda ya taka. Chaguo la kufuta moja kwa moja lizimwe daima.

Kuna tabia ya kuelekeza barua zote za kikoa kwenda Gmail ili zichujwe huko. Tatizo ni kwamba barua ikielekezwa, SPF ya mtumaji wa kwanza kwa kawaida haikubali tena, na taka zote unazopitisha zinahesabiwa dhidi ya seva yako. Afadhali kisanduku cha kikoa ukifungue kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva) katika programu ya barua, au kikoa chote ukihamishie kwa mtoa huduma wa barua.

Vichujio vinavyomtaka mtumaji athibitishe kuwa ni mtu kabla barua haijapita tunavikataa. Wateja huipuuza barua hiyo, taarifa za malipo na za usafirishaji haziwezi kuijibu, na mara nyingi inatumwa kwa mtu asiyehusika ambaye anwani yake ilighushiwa.

Kanuni za maneno unazojiandikia zihamishe barua folda, zisifute. Ukizuia herufi "seo" bila kutaja kwamba liwe neno zima, umemzuia mteja anayeandika kuwa anaishi Seoul. Ukizuia kila ujumbe wenye kiungo, umemzuia aliyenakili anwani ya ukurasa wa bidhaa yako akuulize kama ipo. Viungo vya kikoa chako viruhusiwe.

Anwani za ziada: ya kila kazi, ya alama ya kujumlisha, au ya kupokea yote

Anwani ya kila kazi, yaani `oda@`, `malighafi@` na kadhalika kwenye kikoa chako, ndiyo bora: anwani ya wauza malighafi ikivuja unaifunga bila kugusa ile ya wateja. Alama ya + ya Gmail, kama `jina+oda@gmail.com` inayofika kwa `jina@gmail.com`, ni ya bure, lakini fomu nyingine huikataa na anayeuza orodha anaweza kuikata. Kupokea yote, ambapo neno lolote kabla ya @ linafika, kuzimwe. Roboti hujaribu `info`, `sales`, `admin` na majina mamia, na kila moja litakukuta nyumbani.

Ukianza kupokea mamia ya taarifa za "barua haikufika" kwa barua ambazo hukutuma, kuna anayeghushi kikoa chako. Hapo kichujio si dawa. Dawa ni SPF, DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC kwenye rekodi za kikoa. SPF iwe moja tu. Kosa la kawaida ni kuongeza ya pili unapojiunga na huduma ya kutuma majarida, na zikiwa mbili ukaguzi unafeli. Ziunganishe kwenye mstari mmoja. DMARC ianze na `p=none` (barua zisizuiwe) wiki kadhaa huku ukisoma ripoti, kisha `quarantine` (ziende taka), kisha `reject` (zikataliwe). Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinadai hata mtumaji mdogo awe na angalau SPF au DKIM, hivyo kazi hii inalinda pia majibu yako yawafikie wateja.

Wanaoandika kwa mikono yao

Fumbo halimzuii mtu. Tapeli wa wauza kazi za mikono ana barua ya umbo lilelile: mke wangu amekuwa akitazama tovuti yako, nataka kumshtukiza, nina haraka, nitalipa kwa hundi, na mpeleka mizigo wangu atapita kuchukua. Hundi inakuja ikiwa na kiasi kinachozidi bei, nawe unaombwa umtumie mpeleka mizigo ile ziada. Benki yaweza kuonyesha fedha kwenye akaunti kabla hundi haijathibitishwa. Ikigundulika ni bandia, fedha zinaondolewa, na ulichotuma hakirudi.

Kinachofaa hapa ni jibu lako. Uliza: bidhaa ipi, rangi gani, ipelekwe mji gani? Mnunuzi wa kweli hujibu kwa mstari mmoja. Tapeli hurudi kwenye habari ya malipo. Ziada yoyote irudishwe kwa njia ileile iliyoletea malipo, kamwe isipelekwe kwa mtu mwingine. Ankara za "kikoa chako kinaisha kesho" nazo zikaguliwe kwa kuingia mwenyewe kwa msajili wako, bila kugusa kiungo kilicho kwenye barua. Kitufe cha kujiondoa kitumie kwa majarida uliyojiunga nayo. Kwa usiowajua kinawathibitishia kwamba anwani ina mtu.

Uchague nini

Taka zikiwa chini ya kumi kwa siku, weka anwani ya JavaScript, tegemea kichujio cha mtoa huduma wa barua, usiongeze kinga nyingine. Fomu ikifurika, weka mtego na kipima muda, subiri wiki mbili, na Turnstile ije baadaye kama bado zinapenya. Mtumiaji wa fomu mwenye wateja wa lugha nyingi aruke swali la dukani.

Anayetengeneza kwa oda maalumu aipe anwani nafasi ya mbele na fomu iwe ya akiba. Wateja wake hutuma picha: mkoba wa zamani wanaotaka ufanane nao, kipimo cha kidole. PHP, lugha inayoendesha fomu nyingi, isipobadilishwa hupokea faili lisilozidi megabaiti 2, na picha ya simu mara nyingi inapita hapo. Fomu nyingine huupeleka ujumbe bila picha na zisimwambie mtu. Ikibidi picha zipite kwenye fomu, pandisha `upload_max_filesize` na `post_max_size` hadi megabaiti 10 au zaidi, na uandike kikomo hicho kando ya kitufe.

Chochote utakachochagua, kijaribu kila baada ya kusasisha programu-jalizi na angalau mara moja kwa mwezi. Tumia anwani mbili za watoa huduma tofauti, zote nje ya kikoa chako. Moja iandikie anwani yako ikiwa na picha na kiungo cha bidhaa. Nyingine ijaze fomu kwa simu, huku kivinjari kikiruhusiwa kujaza taarifa chenyewe. Andika kama mteja anavyoandika, maneno machache, bila salamu ndefu. Kisha itafute kila moja kwenye kikasha, folda ya taka, folda ya MTEGO na hifadhidata, na ujibu zote mbili ili uone kama jibu lako nalo limefika.